Muuaji Hajawahi Kuwa Nyumbani Mvua Ikinyesha

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: “Shikamoo Mwalimu. Ninaandika tamthilia ya maonyesho matano kuhusu Sefu na Rehema, mume na mke waliokaa pamoja miaka kumi na mmoja. Sefu analegeza skrubu za ukingo wa roshani ili siku Rehema atakapotoka kuanua nguo mvua ikinyesha, aanguke, na watu waone ni ajali. Jambo hilo nimelificha hadi onyesho la mwisho. Lakini marafiki zangu watatu waliousoma mswada wanasema walimgundua Sefu kwenye ukurasa wa kumi, na tangu hapo walikuwa wakipiga miayo. Niifiche vipi njama yake isijulikane mapema?”

Marahaba. Mswada wako nimeusoma mara mbili, na jibu langu huenda likakuudhi: usiifiche kabisa. Mtoe Sefu hadharani kwenye onyesho la kwanza, bisibisi mkononi, kabla Rehema hajaingia jukwaani.

Marafiki zako hawakuchoka kwa sababu walijua. Walichoka kwa sababu walijua halafu wewe ukaendelea kujifanya hawajui. Kuanzia ukurasa wa kumi hadi wa hamsini na mbili unawazungusha: mara jirani ana macho mabaya, mara shemeji ana deni, mara kuna barua haijulikani imetoka wapi. Wao wameshika jibu mkononi, wanakusubiri umalize michezo yako. Nani asingepiga miayo?

Umechanganya mshtuko na taharuki, na si wewe wa kwanza. Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock alimweleza mwongozaji mwenzake François Truffaut tofauti yake katika mazungumzo yao ya mwaka 1962, kwa mfano ambao kila mwalimu wa uandishi huurudia, nami siwezi kuukwepa: watu wamekaa mezani wanapiga soga, mara bomu linalipuka chini ya meza. Hapo hadhira imepata mshtuko wa sekunde kumi na tano. Lakini ukiionyesha hadhira hilo bomu mapema, na saa ukutani, soga lile lile la kipuuzi litawafanya watu wakae kwenye ncha za viti kwa dakika kumi na tano. Hadi hapo sawa. Ila mfano huo una upungufu kwa mtu anayeandika juu ya ndoa, kwa sababu bomu la Hitchcock halina uso. La kwako limekaa kwenye kiti, linaomba lipitishiwe chumvi, na anayelipitishia analiita “mume wangu”. Hiyo ni mali ambayo waandishi wa majasusi na majambazi wangeitamani. Wewe umeifungia kabatini.

Kama bado una wasiwasi kwamba hadhira ikijua haitakaa, kumbuka Wagiriki. Mwaka 458 KK, mtunzi Aeschylus alipowaletea Waathene tamthilia yake Agamemnon, hakuna aliyekaa pale akijiuliza nini kitampata mfalme huyo. Kisa walikijua tangu utotoni: mume anarudi kutoka vitani Troya, mkewe Clytemnestra anamngoja, naye atamuua. Aeschylus hakujaribu kuwashangaza. Alimtandikia Agamemnon vitambaa vya rangi ya damu kuanzia garini hadi mlangoni, kisha akawafanya mume na mke wabishane kama ni halali mwanadamu kuvikanyaga. Mabishano ya adabu kabisa! Mke anabembeleza, mume anakataa, mke anabembeleza tena, mume anavua viatu. Kila aliyeketi pale anajua kwamba mtu huyu akishaingia ndani hatatoka hai. Yeye hajui. Mauaji yenyewe hayaonekani, husikika sauti tu kutoka ndani. Yanayoonekana ni mke kumshawishi mumewe aingie nyumbani kwake mwenyewe.

Basi swali lako la kweli si namna ya kuificha njama. Swali ni: hadhira ikishaijua, itazame nini?

Itazame ndoa. Hapa ndipo nina neno moja la kukuambia, na mengine yote katika barua hii ni matawi yake. Anayepanga kumuua mwenzi wake ana silaha ambayo muuaji wa barabarani hana: anajua. Anajua mwenzake hulala saa ngapi, hupokea simu kwa mkono upi, huweka funguo wapi, huchukia nini. Njama yote hujengwa juu ya ujuzi huo. Sasa, mtu aliyefikia hatua ya kumuua mwenzake kwa kawaida ameacha kumtazama zamani. Anaijua ratiba yake, lakini yeye mwenyewe hamjui tena. Njama nzuri ya jukwaani huvunjikia hapo hapo, kwenye ile nafasi kati ya ratiba na mtu. Isivunjwe na radi, wala polisi hodari, wala shahidi aliyekuwa akipita njia. Ivunjwe na ndoa yenyewe.

Chukua Dial M for Murder, tamthilia ya Frederick Knott iliyorushwa kwanza na televisheni ya BBC mwaka 1952, ikapanda jukwaani London mwaka huo huo, kisha Hitchcock akaifanya filamu mwaka 1954. Mume, Tony, aliwahi kuwa mcheza tenisi mwenye jina. Mkewe ana fedha na aliwahi kuwa na hawara. Tony anamtumia mtu aliyesoma naye zamani, mwenye madoa mengi katika maisha yake, ili amuue mke. Mpango mzima tunausikia kinywani mwa Tony mwenyewe, hatua kwa hatua, muda mrefu kabla ya usiku wa tukio: yeye atakuwa kwenye karamu ya wanaume, atapiga simu nyumbani saa tano usiku, mke atatoka kitandani kuipokea, na muuaji atakuwa nyuma ya pazia. Hakuna kilichofichwa. Na usiku ukifika, saa ya Tony imesimama bila yeye kujua. Akija kugundua, muda umepita, na kwenye kibanda cha simu kuna mtu mwingine anaongea. Kule nyumbani muuaji anatazama saa, anakata tamaa, anaanza kuondoka. Hapo watazamaji, watu wazima wenye dhamiri zao, hujikuta wakimhimiza Tony: piga, piga upesi! Wamesahau kwamba simu hiyo ni ya kumuua mwanamke asiye na habari. Umeona jinsi mwandishi alivyowafanya washirika wa njama? Hilo huwezi kulipata kwa kuficha.

Lakini jambo ninalotaka ulitazame kwa makini ni mkasi. Muuaji anamvamia yule mke kutoka nyuma, naye anapapasa mezani, mkono unagusa mkasi, na anayekufa ni muuaji. Mkasi ulifikaje pale? Jioni ile mke alitaka kutoka kwenda sinema. Tony, ambaye njama yake inamhitaji awe nyumbani, akamtafutia kazi: akae akate habari za magazeti zinazomhusu yeye Tony, zile za enzi zake za tenisi, azibandike kwenye albamu. Mkasi ukaletwa kwa ajili ya utukufu wa mume. Unaweza kuitazama filamu hiyo mara tatu usilione jambo hili, kwa kuwa mwandishi haliinulii sauti. Tony angeweza kumpa kazi nyingine yoyote. Alimpa hiyo kwa sababu ndivyo alivyo, na kwa muda wote wa ndoa yao mke amekuwa mtunza kumbukumbu za ushindi wake. Majivuno yake ndiyo yaliyoweka silaha mkononi mwa mkewe.

Ukidhani haya ni ujanja wa waandishi tu, soma kesi ya Ruth Snyder, iliyojaza magazeti ya New York mwaka 1927. Yeye na hawara wake Judd Gray, mchuuzi wa nguo za ndani za kike, walimuua mumewe, Albert, mhariri wa sanaa katika jarida la mashua, kisha wakapanga nyumba ionekane imeingiliwa na wezi. Kabla ya hapo Ruth alikuwa amemkatia mume bima ya maisha kwa hila, yenye kifungu cha kulipa maradufu akifa kwa ajali au kwa mkono wa mtu. Vito alivyodai vimeibwa vilikutwa chini ya godoro lake mwenyewe. Huo ni uzembe wa kawaida. Kitu kingine ndicho hunisisimua kila ninapokisoma. Kabla ya kumwoa Ruth, Albert alikuwa amefiwa na mchumba aitwaye Jessie Guischard, na hakuwahi kumsahau: alitundika picha yake ukutani nyumbani kwao, akaipa mashua yake jina la Jessie. Ruth aliishi miaka yote ile kwenye ndoa yenye mtu wa tatu, marehemu. Usiku wa mauaji, inasimuliwa kwamba mpelelezi aliona katika vitu vya Albert kumbukumbu ndogo yenye herufi J.G., akamwuliza Ruth. Ilikuwa ya Jessie. Lakini Ruth, akili ikiwa imejaa hofu, alisikia Judd Gray, na papo hapo akauliza Judd Gray anahusikaje na haya. Mpelelezi alikuwa hajalisikia jina hilo. Januari 1928 wote wawili walinyongwa? Hapana, waliuawa kwa kiti cha umeme, gereza la Sing Sing, usiku mmoja.

Mwandishi akibuni jambo hilo ataambiwa amezidisha. Marehemu aliyeiharibu ndoa ndiye aliyeifichua njama. Hakika kikulacho ki nguoni mwako, na hapa kilikuwa kimeandikwa herufi mbili. James M. Cain, aliyekuwa mwanahabari New York miaka hiyo, aliipata humo mbegu ya Double Indemnity, riwaya ambayo mwongozaji Billy Wilder aliifanya filamu mwaka 1944. Na tazama: katika filamu hiyo muuaji anakiri mwanzoni kabisa, anaongea peke yake kwenye mashine ya kurekodi, damu ikimtoka. Hadhira inajua nani kaua, nani kafa, na kwamba hakuna aliyefaidi. Bado watu wameikalia hadi mwisho kwa miaka zaidi ya themanini.

Sasa turudi kwa Sefu na Rehema. Kwenye onyesho la kwanza, ukurasa wa nne, umeandika katika maelekezo ya jukwaani: Rehema amesimama mlangoni mwa roshani, ameshika fimbo yenye kulabu. Mistari miwili mbele anaiegemeza ukutani na haitajwi tena hadi pazia la mwisho. Nilirudi nyuma nikausoma ukurasa huo tena. Fimbo ya nini? Sijui kama uliiweka kwa makusudi au mkono wako ulikuwa na akili kuliko wewe, jambo ambalo huwatokea waandishi. Mimi nimeielewa hivi: Rehema anaogopa urefu. Hajawahi kukanyaga ile roshani. Mvua ikinyesha anasimama mlangoni, anaivuta kamba kwa kulabu, anaanua nguo moja moja, anarudi ndani. Miaka kumi na mmoja. Na Sefu hajui, kwa sababu hajawahi kuwa nyumbani mchana mvua ikinyesha. Jioni huzikuta nguo zimekunjwa, basi akahitimisha kwamba mkewe hutoka nje kuzianua. Njama yake yote imesimama juu ya kitu ambacho hakijawahi kutokea.

Hiyo ndiyo tamthilia yako, ndugu yangu. Tayari unayo. Haina haja ya jirani mwenye macho mabaya, na shemeji wa madeni mfute. Anakula kurasa sita za bure.

Fikiria hadhira inakuwa na nini mkononi. Mosi inajua ukingo umelegezwa. Kisha, kabla Sefu hajarudi, iache imwone Rehema na fimbo yake siku ya manyunyu madogo, bila mtu kueleza kitu. Hapo kila mtazamaji ana siri mbili: moja ya Sefu ambayo Rehema haijui, na moja ya Rehema ambayo Sefu haijui. Wakikaa kula chakula cha jioni wakazungumzia mawingu, huhitaji muziki wa kutisha. “Naona itanyesha kesho.” “Inshallah, joto limezidi.” Sentensi hizo mbili zitabeba uzito kuliko ukurasa mzima wa Sefu akijisemea peke yake gizani, ambao pia nakushauri uukate.

Kuna swali moja ambalo hadhira italiuliza mapema kuliko unavyodhani: kwa nini asimpe talaka tu? Usipolijibu, kila kitu kitaonekana kichekesho. Umeweka bima ya maisha, nami nakubali fedha ni sababu, lakini fedha peke yake hukausha mchezo. Mtu anaweza kuiba, anaweza kukopa. Clytemnestra hakuua kwa fedha: Agamemnon alikuwa amemtoa kafara binti yao ili apate upepo wa kwenda vitani, na mama alikuwa na miaka kumi ya kungoja. Tony anazitaka fedha za mkewe, ndiyo, lakini chini yake kuna kitu kibovu zaidi: aliisoma barua ya hawara, akajiona kwa mara ya kwanza kama mtu anayeweza kuachwa. Mtafutie Sefu kitu cha namna hiyo. Talaka ingemlazimu akiri nini mbele ya watu? Mtu mpole kama ulivyomchora, anayesalimia kila mtu ngazini, pengine hawezi kuvumilia kuonekana ndiye aliyeondoka. Angependa kuwa mjane anayehurumiwa kuliko mume aliyeacha. Sababu ndogo hivyo inaogopesha kwa sababu tunamfahamu mtu wa aina hiyo. Na usimfanye Rehema mwanakondoo. Mpe kiburi, mpe ulimi mkali, mpe jambo moja alilomkosea Sefu ambalo hadhira haitaweza kulipuuza. Mara moja au mbili watazamaji wamwelewe Sefu, kisha waone haya.

Mwishoni mwa barua, sehemu ambayo sikuinukuu hapo juu, uliniuliza pia kama simu ya mkononi inaweza kufanya kazi iliyofanywa na simu ya Tony. Jibu ni fupi. Tony aliweza kumsimamisha mkewe mahali palepale alipotaka kwa sababu simu ya zama hizo ilikuwa imefungwa mezani kwa waya. Simu ya mkononi haimvuti mtu popote, na tena huacha alama za mahali mtu alipokuwa. Kwa hiyo ondoa ile simu ya uongo ya onyesho la nne. Mvua inatosha; mvua ndiyo simu yako, na haina kumbukumbu za mazungumzo. Mpelelezi naye mpunguze awe na maswali matatu tu. Wapelelezi wa jukwaani hupenda kujisikiliza.

Kitu kingine cha ufundi, kwa sababu roshani yako iko jukwaani mbele ya macho ya watu muda wote. Patrick Hamilton, katika tamthilia yake Gas Light ya mwaka 1938, alimweka mume anayemfanya mkewe aamini kwamba anarukwa na akili. Kila jioni mume hujifanya anatoka, kisha huingia kwa siri ghorofa ya juu na kuwasha taa. Kwa kuwa nyumba nzima hula gesi ya bomba moja, taa ya juu ikiwashwa, miali ya taa za chini hufifia. Mke huona mwanga ukipungua na hakuna wa kumwamini. Mume amepanga kila neno na kila tabasamu, lakini hakuwahi kukaa chini pale, peke yake, jioni, kutazama taa. Unaona ni jambo lile lile? Mtu hawezi kujua nyumba yake inavyokuwa wakati yeye hayupo. Na Hamilton hakulieleza kwa maneno. Aliiachia taa iseme. Wewe una kamba, nguo na kulabu. Shati jeupe la Sefu linaloning’inia pale nje, karibu kabisa na ile sehemu yenye skrubu zilizolegea, litasema zaidi ya mhusika yeyote.

Onyesho la mwisho ulivyoliandika, Rehema anagundua, anapiga yowe, polisi wanaingia, Sefu anakiri kwa kurasa tatu. Litupe lote. Nakupa mwanzo wa jingine. Ni mchana. Kwa mara ya kwanza Sefu yuko nyumbani; amekuja mapema kwa sababu amechoka kungoja, anataka kuhakikisha. Radi. Mvua inaanza. Yeye anakaa kwenye kiti, anafungua gazeti, halisomi. Rehema anatoka jikoni akifuta mikono, anaangalia nje, anaangalia ile fimbo, anaangalia mumewe. Ana furaha, jamani, kwa sababu siku nyingi hawajakaa pamoja mchana. Anaichukua fimbo, kisha anaiegemeza tena ukutani.

“Leo upo,” anasema. “Mimi kule nje naogopa, tangu zamani. Sikutaka unicheke. Nenda wewe mume wangu, zitalowa.”

Anamfungulia mlango wa roshani na kusimama kando, akimngoja. Sefu hana budi kujibu kitu. Andika anachosema, halafu niletee.